Redio ya ridhaa si mchezo wa matajiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba redio ya ridhaa, yaani uraibu wa kuwasiliana kwa mawimbi ya redio bila malipo, ni mchezo wa matajiri wenye minara nyuani. Wengi wetu tulioingia katika uraibu huu hapa Pwani kabla ya simu za mkononi kuenea tulianza na redio ya kawaida ya masafa mafupi, ile ile iliyokaa sebuleni ikingoja taarifa ya habari, pamoja na waya wa shaba uliofunuliwa kutoka transfoma iliyoungua.

Ni kweli redio hiyo ilikuwa na kasoro. Wanaridhaa wanapozungumza, mitambo yao hairushi lile wimbi linalobeba sauti ambalo stesheni za matangazo hulirusha, kwa hiyo redio ya nyumbani huwatoa mithili ya mtu anayesema na tonge la ugali mdomoni. Dawa tulipewa na fundi wa mtaani: weka redio ya pili kando ya ile ya kwanza, kisha uifungulie kilohezi 455 chini ya masafa unayoyasikiliza. Ndani ya redio hiyo ya pili mna saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, kilohezi 455 juu ya namba inayosomeka, na wimbi hilo huvuja likaingia katika redio ya kwanza na kushika nafasi ya lile lililokosekana. Kwa mazungumzo ya kilohezi 7,050, basi, redio ya pili iliwekwa 6,595, halafu ukawa unazungusha kitufe taratibu mno, hadi ule mkwaruzo ukageuka kuwa mtu wa Nairobi akimweleza mwenzake wa Afrika Kusini habari za mvua.

Eriali haikutugharimu. Masafa ya megahezi 7 yanataka waya wa takriban mita 20 uliokatwa katikati, na sisi tuliufunga mwisho mmoja kwenye mnazi na wa pili kwenye mwembe, tukitumia vipande vya plastiki ili waya usiguse mti. Ufunguo wa kupigia Morse, yaani lugha ya nukta na mistari, ulikuwa kipande cha msumeno wa chuma kilichokazwa kwa skrubu juu ya ubao. Wakati huo Morse haikukwepeka kwa aliyetaka kurusha mawimbi ya masafa mafupi. Ni mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa Geneva, mwaka 2003, ulioiachia kila nchi iamue yenyewe. Leseni zilipopatikana, tulirusha kwa wati 5, na jua linapokuwa kileleni mwa mzunguko wake wa takriban miaka 11, wati hizo kwenye megahezi 28 hufika Ulaya mchana kweupe.

Asiyesadiki na asome habari za mtandao wa vituo 18 vya ishara vinavyopokezana kila dakika 3 kwenye megahezi 14.100, ambamo Kenya imepewa alama ya utambulisho 5Z4B. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Hewa ikiwa nzuri, hata huo wa mwisho husikika kutoka bara jingine.

Matajiri wamo, sikatai. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa mwanaridhaa mwenye alama A41AA, na Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1. Wala sisemi kwamba uhaba wa vifaa ni sifa, kwani ulituchosha, na kijana anayeweza kununua redio nzuri na ainunue. Ninachopinga ni kumkatisha tamaa asiyeweza.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenye redio za masafa mafupi zinazopata vumbi kabatini wawape vijana wanaopenda ufundi, na wawaonyeshe pa kuanzia, kati ya megahezi 7.0 na 7.2, jua likishatua. Wakitaka kurusha, wafanye mtihani na kuchukua leseni kwanza, kwa sababu kurusha bila leseni ni kosa. Kusikiliza hakuna mtihani.

Mwanaridhaa wa zamani,
Likoni, Mombasa