Nimwandae vipi mwanangu mwenye usonji kwa Ramadhani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Ngamiani, Tanga, pamoja na mama mkwe na wifi yangu. Mwanangu wa pili ana miaka minane na ana usonji. Anaongea maneno machache, ila anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani.

Siku yake huenda kwa picha. Mtaalamu aliyekuwa akimwona hospitalini ndiye aliyetufundisha. Nilipiga picha za vitu vyake mwenyewe: mswaki wake wa kijani, beseni la kuogea, bakuli la uji, sare ya shule, viatu. Nimezibandika ukutani jikoni, kutoka juu kwenda chini. Akimaliza jambo moja, anaibandua picha yake na kuitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa, kisha analigonga kopo kidogo na kutazama picha inayofuata. Tangu tuanze hivyo, asubuhi zetu zimetulia. Uji lazima uwe kwenye bakuli lile lile, na yeye atiliwe wa kwanza. Nyumba nzima imeshazoea.

Shida yangu ni Ramadhani. Mwezi huo kila kitu hapa hubadilika saa. Asubuhi jiko halina moto, uji unapikwa jioni na umetiwa pilipili manga, baba yao ambaye ndiye humlaza anakuwa tarawehe, na usiku wa manane vijana wanapita na ngoma kuamsha watu wale daku. Mwaka jana, ngoma zilipoanza, alijikunja pembeni ya kitanda amejiziba masikio, akawa anagonga kisogo ukutani. Niliweka kiganja changu kati ya kichwa chake na ukuta mpaka walipopita. Ikawa hivyo karibu kila usiku, na mchana wake shuleni alikuwa hoi.

Kufunga hafungi, ni mtoto mdogo, na hilo halina ubishi nyumbani. Ila mama mkwe hapendi apikiwe peke yake mchana. Anasema mtoto afuate nyumba, si nyumba ifuate mtoto. Si mtu mbaya, Shangazi, ndiye anayemsomea dua kila usiku kabla hajalala. Nimweleze vipi kwamba hili si deko, bila kumvunjia heshima?

Na kuna la mwezi wenyewe. Shule zikikaribia kufungwa huwa namchorea kalenda, anakata siku moja moja kwa kalamu, na siku ikifika anaipokea vizuri. Ramadhani nitamchoreaje? Shaabani, mwezi unaoitangulia, inaweza kuwa na siku 29 au 30, na tangazo la mwandamo hutoka usiku akiwa keshalala. Mtaani kwetu wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani na wapo wanaosubiri uonekane hapa nchini, kwa hiyo ngoma huweza kuanza kabla sisi hatujaanza kufunga. Kwa mwanangu picha ni ahadi. Sijui namna ya kumchorea "labda".

Dada yangu aliyeko Korogwe amejitolea kumchukua mwezi mzima, kwake kimya na hakuna ngoma. Namshukuru, lakini moyo wangu hautaki. Mtoto huyu anapenda kukaa mkekani karibu na baba yake wakati wa futari, akila tambi kwa mkono polepole. Naona ana haki ya Ramadhani ya kwao kama ndugu zake.

Sasa tuko Rajabu, muda bado upo. Je, niandae picha mpya za mwezi wa mfungo na kuziingiza moja moja kuanzia Shaabani, au ukuta wake niuache kama ulivyo na sisi ndio tuzunguke? Na zile ngoma, niwaombe vijana wasipite uchochoro wetu, au nimzoeshe sauti ya ngoma mchana, kidogo kidogo, kwenye simu? Wazazi wenzangu mliopitia haya nanyi mnijibu, hasa kuhusu usiku wa mwandamo: watoto wenu mliwaambia nini, na lini?

Mama wa watatu,
Ngamiani, Tanga