Sio baridi Mhariri, ni barabara

Mhariri, ile habari yenu ya michezo kwamba vijana wa Arusha wanaogopa baridi ya Julai wakati wenzao Ulaya na Marekani wanakimbia mpaka kwenye theluji imenikera. Gazeti hili nalisoma miaka yote na sijawahi kuwaandikia, ila hii siiachi.

Ni kweli wanakimbia. Yule Mjapani Yuki Kawauchi, Januari 1, 2018 alikimbia marathoni Marshfield, Massachusetts kwenye baridi ya chini ya sifuri kabisa, na Aprili akashinda Boston kwenye mvua na upepo kwa 2:15:58. Ila mwandishi wenu hajasema kule theluji ikianguka usiku yanapita magari kuikwangua na kumwaga chumvi barabarani, na ukizidi utelezi mtu anakimbilia ndani kwenye mashine ya mazoezi. Sisi nyuzi 12 za alfajiri unavaa sweta, ukishapata joto unalifunga kiunoni, baridi gani hiyo ya kumlaza mtu?

Kinachotulaza ni giza na ukungu. Julai jua linatoka karibu saa moja kasorobo na mwenye kibarua lazima awe barabarani saa kumi na moja. Juzi natoka Ngaramtoni nashuka Sakina, ukungu huoni mbele, mara Hiace inalipita lori kwa kushoto, kushoto Mhariri, yaani palepale pembeni ninapokimbilia mimi, taa moja imekufa, nikarukia mtaroni, mtaro wenyewe matope na mifuko ya taka mpaka juu, kifundo kikavimba hapohapo, na konda badala ya pole akatoa kichwa dirishani akanitukana. Aliyenivuta ni mama mmoja anapeleka maziwa mjini. Na mbwa nao! Watu wanafungulia mbwa usiku na geti wanaacha wazi asubuhi, wakimbiaji tunatembea na mawe mkononi, hivi hao wenye mbwa hawana sheria?

Alphonce Simbu mnayemsifia alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 kwa kumpita Mjerumani sekunde 0.03. Kwa pengo dogo hivo, kijana akilala wiki nzima na mguu umevimba amepoteza nini?

Naomba hivi: Juni mpaka Agosti, kila Jumamosi, saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu asubuhi, upande mmoja wa ile barabara ya njia nne kuanzia Sakina ufungwe, hata kilomita mbili tu, trafiki mmoja akae huku mwingine kule, na mbwa wawe wamefungwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Mkimbiaji,
Ngaramtoni, Arusha