Yale madumu si madema

Paje, Unguja
Julai

Sahibu yangu Makame,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na bado anadai ule mkeka aliokuagiza Wete. Kusi mwaka huu limesimama kweli. Toka asubuhi minazi imeinamia kaskazini, upande wa Bwejuu.

Umeniuliza yale madumu ya njano uliyoyaona kwenye picha ni madema ya nani. Si madema ya kutegea samaki. Ni mpaka wa kuogelea, ili kaiti tunazofundisha, zile tiara kubwa za kumvuta mtu majini juu ya ubao, zisiwasogelee watoto, na sababu yake ni mie. Najua ushasikia kwa wengine, basi sikia na kwangu.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Unaijua bamvua ya kwetu: maji yanajaa saa kumi alasiri, upepo nao saa hiyohiyo uko juu, na watoto ndio wanatoka skuli. Maji yakipwa kila mtu ana bahari yake, unatembea hadi kukaribia mwamba huonani na mtu. Yakijaa, tunabanana wote ufukweni. Nilikuwa na mwanafunzi mgeni wa siku ya tatu, kaiti ya mita 9 za mraba. Akatishika, akavuta mpini badala ya kuuachia, kaiti ikapinduka ikaenda kuanguka katikati ya watoto. Kamba moja ikampitia mtoto wa jirani mguuni, juu kidogo ya kifundo. Nilimrukia mgeni nikasukuma kile kishikio chekundu cha kuiachia kaiti, kamba zikalegea. Alhamdulillahi, mtoto alibaki na alama tu, nyembamba kama mstari wa kalamu. Lakini kamba ile ikikazwa na upepo inakata nyama, wewe mwenyewe una kovu la kidole.

Bibi yake hakunitukana. Alimshika mjukuu wake mkono, akanitazama, akasema, "Haji, na wewe?" Bora angenitukana.

Kabla ya Isha wazee walikuwa washasema kaiti zitoke Paje, zote. Niwalaumu vipi? Kina mama wamo majini na mwani wao tangu 1989, wavuvi tangu enzi za babu zao, sisi tumekuja juzi na bahari nzima tunaiita yetu. Na wenzetu wengine, nikwambie kweli, wana kiburi. Ukimwambia pale kuna watoto, anakujibu yeye anajua kuendesha. Anajua, sawa. Na mwanafunzi wake je?

Tukaitwa kwa sheha. Mzee mmoja akauliza, "Hizo kamba zenu zina urefu gani?" Nikasema mita 24. Akasema mita haziwezi, nimwoneshe. Nikaenda kuzichukua, nikazitandaza kuanzia kizingiti cha sheha. Zikavuka njia, zikaupita mwembe, zikaishia kwenye banda la mbuzi la watu. Hakuna aliyesema kitu. Nadhani mkutano uliisha palepale, yaliyobaki yalikuwa kupanga tu: kaiti isimsogelee anayeoga chini ya umbali wa kamba mbili, tukajumlisha tukasema mita 50, na wanafunzi wasipewe kaiti hapo ufukweni maji yakiwa yamejaa. Wasubiri yapwe.

Mgogoro ukawa wapi iwekwe sehemu ya watoto ya kuogelea. Sisi walimu tukaelekeza upande wa Bwejuu, kwa kuwa, nikufichie nini, hatukutaka kuhama mahali petu. Mama mmoja wa mwani akatuuliza, "Nyie mkianguka upepo unawapeleka wapi?" Tukamjibu, huko huko Bwejuu na kuja pwani. "Sasa ndiko mnakotaka watoto wangu wakae?" Nimefundisha miaka minane, Makame, halijanipitia kichwani. Yeye ametuona tukizoa mchanga miaka yote hiyo, ameinama anafunga mwani, kumbe anahesabu. Basi sehemu ya watoto ikawekwa kusini kwetu, upande wa Jambiani, upepo unapotoka. Atakayeanguka anakwenda mbali nao. Kaskazi ikiingia Disemba mambo yanageuka, na madumu yatahama kama dago la wavuvi.

Nina mwanafunzi Mfaransa, kayaona akacheka kwa kuwa ni madumu ya mafuta ya kupikia. Halafu akaniambia kwao, ndani ya mita 300 kutoka ufukweni, chombo hakiruhusiwi kupita kasi kama ya kilomita 9 kwa saa, na kaiti zina njia yao iliyopangiwa boya za kutokea na kurudia. Boya zao nazo ni za njano! Nikamwambia basi tumeshabihiana, tofauti ni kuwa zetu zilikuwa na mafuta.

Ila kazi bado. Tuliyapanga siku ya bamvua, pale maji yanapofika kifuani. Maji mafu yalipokuja, siku ambazo maji hayajai sana, madumu yakawa yamelala mchangani hata maji yakiwa yamejaa, na watoto wakafuata maji, wanaoga nje ya mpaka tuliowawekea wenyewe. Bibi yule akaja kunigongea asubuhi kunionesha. Hakusema mengi safari hii pia. Kwa hiyo tunaongeza mstari wa pili wa mbele zaidi, wa siku za maji mafu, na magunia yasiyooza ya mchanga wa kuyashikilia madumu, maana yale ya mwanzo mawili yashapasuka na madumu yake yameokotwa huko Michamvi. Mwenye kuyaokota anataka soda.

Ninachokuombea ni kamba. Hapa za nguvu bei yake siiwezi. Kama yule ami yako wa Mkoani bado ana zile kuukuu za jahazi, nikatie kama mita 60, nitumie na boti, nitakwenda mjini kuzipokea bandarini Malindi mwenyewe. Na mkeka wa mama usisahau, uzungushie hizo kamba.

Mtoto mguu umepona. Jana kanipigia kelele kutoka ndani ya madumu, "Ami Haji, umekaribia!" Nilikuwa mbali, lakini nikageuza.

Nduguyo,
Haji