Mbaazi ukisingizia jua, tuusikilize

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu ngano inayohaririwa jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya mmea, ili iwahi kuchanua imezua ubishi mkubwa kwenye vijiwe vyetu vya kahawa. Kuna wanaosema sasa ngano italimwa hata Mtwara na bei ya unga itashuka. Kuna wanaosema hizo ni GMO, yale mazao yanayopandikizwa jeni za viumbe vingine, zilizobadilishwa jina tu. Nimekuwa bwana shamba miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa nalima ufuta na mbaazi hapa Nachingwea. Kwa maoni yangu wote wanabishania zao lisilotuhusu. Kinachotuhusu katika habari ile ni namna mmea unavyojua siku ya kuchanua, maana mbaazi na ufuta nao wanaijua siku yao, na hapo ndipo mavuno yetu yanapopatikana au kupotea.

Nianze na ngano ili niimalize. Ngano ina jeni zinazopima mambo mawili, baridi iliyopita na urefu wa mchana. Zile za Ulaya zinazopandwa kabla ya theluji hazichanui mpaka zionje wiki kadhaa za baridi, na jeni ziitwazo VRN ndizo zinazoshika hesabu hiyo. Jeni nyingine, PPD1, hupima mchana, na kwa kawaida ngano hungoja mchana urefuke. Lakini ilitokea, kwa bahati tu na bila mkono wa mtu, ngano iliyokatikiwa kipande cha herufi kama 2,000 za vinasaba, yaani maandishi ya urithi, mbele ya jeni hiyo, ikawa haijali tena mchana una saa ngapi. Mwitaliano Nazareno Strampelli aliikuta sifa hiyo katika ngano ya Kijapani iitwayo Akakomugi, akaizalisha na ngano za kwao mwanzoni mwa karne ya 20 ili ziive kabla ya joto na ugonjwa wa kutu. Baadaye Norman Borlaug, aliyeanza kazi Mexico miaka ya 1940, akawa anapanda mbegu zake mara mbili kwa mwaka, Sonora kaskazini na nyanda za juu katikati ya nchi, akibakiza zilizofanya vizuri kotekote. Zilizobaki zilikuwa zile zisizojali mchana. Ndizo zilizoenea hadi India na Pakistan, naye akapewa Nobel ya Amani mwaka 1970.

Kwa hiyo anayeogopa kwamba kugusa jeni ya kuchanua ni jambo lisilowahi kutokea duniani, huenda kipande hicho hicho kilichokatika kimo katika chapati aliyokula asubuhi.

Kilichobadilika leo ni kwamba hatungoji bahati. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walieleza njia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, wakapata Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mtafiti anaelekeza kimeng'enya kiitwacho Cas9 mahali anapopataka, kinakata, kisha seli inajiunga yenyewe. Mara nyingi inaunga vibaya, herufi moja au mbili zinapotea, na jeni inanyamaza. Baada ya hapo mmea unazalishwa tena mpaka apatikane mtoto asiye na Cas9, aliyebaki na ule mkato tu. Kwa ngano kazi hii ni ngumu, kwa sababu ina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), 42 kwa jumla, na vinasaba vyake ni karibu mara tano ya vya binadamu. Ukizima nakala moja ya jeni, zile mbili zilizobaki zinaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea.

Sasa wale wenye ndoto ya ngano Mtwara. Jeni ya kuchanua inabadili tarehe, haileti baridi. Punje ikijazwa kwenye joto la pwani yetu itasinyaa, iwe imehaririwa au la. Hata Newala, ambako Juni na Julai watu huvaa makoti asubuhi, ubaridi unafika mvua ikiwa imekwisha. Ngano ina kwao, Hanang, Karatu, Siha na Makete. Na Nachingwea ndiyo ya mwisho kufundishwa habari ya mazao yanayopangiwa ofisini mbali na shamba. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulifyeka mapori hapa, ukajengewa reli kutoka pwani, na kufika 1951 ulikuwa umetupwa. Matrekta yalitangulia, mvua ikaulizwa baadaye. Reli yenyewe ilikuja kung'olewa.

Turudi kwenye shamba letu. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, wakimcheka mtu wa visingizio. Mimi nasema mbaazi una hoja. Ni mmea wa mchana mfupi, unachanua usiku unaporefuka. Hapa tuko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wa Desemba na wa Juni ni kama saa moja na dakika kumi tu, lakini mmea unaisikia. Mibaazi yetu ya muda mrefu tunaipanda pamoja na mahindi mvua zikianza, inakaa chini ya mahindi bila haraka, mahindi yanavunwa, ndipo inapotanuka na kuchanua mchana ukishafupika na hewa kupoa, tukavuna Agosti na Septemba. Joto likizidi, aina hizi zinachelewa zaidi. Jua limehusika, tena kwa njia mbili.

Asitokee mtu wa kusema basi tuuhariri mbaazi uwahi. Mbaazi ukichanua Machi unakutana na mvua. Maua yanapukutika, viwavi wanaotoboa maganda wanashamiri, punje zinaota ukungu, na mahindi bado yamesimama. Kuwahi kuna gharama nyingine ambayo makala yenu iliipita mbio. Mmea unaochanua mapema una majani machache na muda mfupi wa kujiwekea akiba, kwa hiyo mara nyingi mavuno yanapungua. Kule kwenye ngano wanakubali hasara hiyo ili kukimbia joto la mwisho wa msimu. Sisi kuchelewa kwa mbaazi ndiko kunakotuwezesha kuvuna mara mbili kwenye shamba moja. Tunachohitaji ni mbaazi usioyumbishwa na joto, unaochanua wakati wake hata mwaka ambao kipupwe kimechelewa. Swali hilo ni letu, na anayeshughulika na ngano ya Ulaya hana sababu ya kulijibu kwa niaba yetu.

Kwenye ufuta ndipo penye fedha, na hapo ningependa watafiti waanzie. Ufuta hauchanui kwa pamoja. Unaanza chini na kupanda na shina, siku baada ya siku, mpaka maganda ya chini yanaiva na kupasuka huku kileleni bado kuna ua. Ukivuna mapema unapata mbegu changa za juu, ukingoja unamwaga zilizokomaa. Kila aliyefunga mafungu ya ufuta na kuyasimamisha juu ya turubai anajua ni kiasi gani kinabaki ardhini kabla turubai halijafika. Amram Ashri, mtafiti wa Israel, aliwahi kupata ufuta unaokoma mapema kurefuka na kutoa maua, kwa kupiga mbegu mionzi ya gama. Jeni zinazoamua shina liendelee au likomee kwenye ua zinajulikana kwa mimea mingi. Kwenye nyanya, mojawapo ndiyo inayotenganisha nyanya fupi za shambani na zile ndefu za kufungwa kamba. Kuzitafuta kwenye Ziada 94 au Lindi 2002, mbegu ambazo wakulima tayari wanazo na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wanazijua kuliko mtu yeyote, ni kazi inayofanyika hapo hapo Mtwara kama maabara itawezeshwa.

Kuhusu sheria nitakuwa mkali kidogo. Mionzi ya gama inavunja vinasaba mahali pengi bila mtafiti kujua wapi, kisha anachagua kwa macho kinachompendeza. Mpunga wa SUPA BC wa Zanzibar ulipatikana kwa mionzi, na sijasikia aliyeukataa sahani ikiwa mbele yake. Mkato mmoja unaojulikana ulipo unaogopwa kuliko mikato mingi isiyojulikana! Kanuni zetu za usalama wa bioteknolojia ni za 2009, miaka mitatu kabla ya CRISPR kuelezwa. Zilitungwa watu wakifikiria mimea iliyoingizwa jeni ya kiumbe kingine, kama yale mahindi yenye jeni ya bakteria yaliyoanza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 na serikali ikayasimamisha 2018. Nigeria ilitoa mwongozo wake wa mazao yaliyohaririwa mwaka 2020, Kenya na Malawi wakafuata, na wanachoangalia kwanza ni kama jeni ngeni imebaki ndani ya mmea.

Wanaopinga kule kijiweni wana jambo moja ambalo silibishi, nalo ni nani mwenye mbegu. Hataza za CRISPR, yaani haki za kumiliki uvumbuzi huo, ziko mikononi mwa vyuo na makampuni ya nje. Mkulima wa ufuta huku anaweka mbegu yake ndani, anampa shemeji, anabadilishana na jirani. Ikija mbegu ya kununua kila msimu, hata ingekuwa nzuri namna gani, wengi itawapita. Mbegu hiyo itoke kwenye taasisi ya umma, na ruhusa ya hataza imalizwe kabla jaribio la kwanza halijapandwa.

Soko nalo si la kubahatisha. Tunakumbuka mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ikaanguka mpaka watu wakang'oa. Lakini India hiyo hiyo, Mei 2025, ilitangaza mbegu mbili za mpunga zilizohaririwa jeni, na moja, Kamala, inawahi kuiva kwa siku kama 20. Japani inauza nyanya iliyohaririwa tangu 2021. China iliidhinisha ngano yake mwaka 2024. Umoja wa Ulaya ulikuwa habari nyingine, maana mahakama yake iliamua mwaka 2018 kwamba mazao haya yafuate sheria za GMO. Hapa kuna shida ambayo wataalamu wa mjini hawaioni. Kwa stakabadhi ghalani, ufuta wangu na wako unaingia ghala moja la AMCOS, chama chetu cha ushirika, unachanganyika, unakwenda mnadani kwa jina moja. Mnunuzi mmoja akikataa mbegu iliyohaririwa, amekataa ghala zima. Utaratibu wa kutenganisha magunia lazima utangulie mbegu, usije ukaandikwa siku mzigo umerudishwa.

Ndiyo maana naomba gazeti lako lituulizie swali moja serikalini, Ofisi ya Makamu wa Rais inayosimamia mazingira na Wizara ya Kilimo kwa pamoja, wasije wakarushiana. Mbegu ya ufuta iliyopunguzwa herufi tatu za vinasaba bila kuongezwa kitu chochote, kwa kanuni za 2009 inahesabiwa kuwa nini? Jibu likipatikana lichapeni hata kama ni ukurasa wa matangazo ya vifo, huku tunasoma mpaka huko.

Bwana shamba mstaafu,
Nachingwea, Lindi