Mjomba, lile lipiko lisiuzwe kwanza

Paris, Ufaransa

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote hamjambo, na Bibi naye miguu imempumzisha kidogo. Sisi huku ni wazima, tunasumbuliwa na baridi tu. Fedha ya salfa ya mikorosho nimeshamtumia binamu kwa simu. Akisema haijafika, mwambie aangalie vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Kwamba yule bwana kutoka Dar amerudi, safari hii na laki tatu mkononi, analitaka lile lipiko la Babu, kinyago chetu Wamakonde cha kuvaa kichwani ngomani, na wewe moyo umeanza kulegea. Kwenye simu huwa unanikatiza, kwa hiyo naandika, binamu akusomee mpaka mwisho.

Huku kuna makumbusho ya quai Branly, kando ya mto Seine, karibu na mnara wa Eiffel. Jumapili ya kwanza ya mwezi watu huingia bure, nami nisipokuwa zamu hupita. Taa zao ni hafifu, mtu unatembea kama unanyemelea. Vya Afrika ni vingi mno, lakini vinavyonisimamisha mimi ni vya Wamumuye.

Hawa ni watu wa kaskazini mashariki ya Nigeria, kusini ya mto Benue, katika jimbo linaloitwa Taraba, pande za Zing na Jalingo. Ni wakulima. Karne ya 19 walijihami milimani, kwenye majabali, kuwakwepa wapanda farasi wa Kifulani, na wageni walichelewa sana kuvijua vinyago vyao.

Sasa sikiliza kinyago chenyewe. Kiwiliwili ni kirefu, kimenyooka. Kichwa ni kidogo na uso karibu haupo: vitundu viwili vya macho, na mdomo usiozidi mkwaruzo wa kisu. Masikio ndiyo makubwa, yananing'inia kuelekea mabegani, kwa sababu wanawake wa Kimumuye walikuwa wakitoboa ndewe na kuzitanua kwa vipande vya mti. Bibi, aliyemwona mama yake na ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu, hatashangaa. Miguu ni mifupi, imekatwa kwa pembe, goti mbele, kisigino nyuma. Vipo vya kushika kwa mkono mmoja na vipo vinavyokaribia kimo cha mtu.

Lakini mikono, Mjomba! Inashuka kutoka mabegani, inapinda kwenye kiwiko, viganja vinakuja mbele usawa wa nyonga, na njia nzima haigusi mwili. Ukisimama ubavuni unaona mwanga unapita kati ya mkono na mbavu. Na yote hayo ni mti mmoja, bila kiungo wala gundi.

Nikapiga hesabu kama ulivyonifundisha pale Mwenge, soko la vinyago la Dar. Ili uipate mikono hiyo lazima uanze na gogo pana kama mabega, kisha uondoe karibu kila kitu katikati, ubakize kamba nyembamba ya mti kila upande. Tezo itakufungulia njia mbele na ubavuni, lakini nyuma ya mkono haiingii. Pale ni kisu, kidogo kidogo. Hatari yenyewe iko kwenye kiwiko. Mkono unaposhuka unafuata nyuzi za mti, kwa hiyo una nguvu. Unapopinda, nyuzi zinakatika fupi, na pigo moja la haraka linaondoka na mkono wote. Yule fundi alijua hivyo na bado akaupinda. Nadhani ungemkuta ungemwomba akuonyeshe kisu chake.

Mwingereza Henry Moore, ambaye kwao ni mchongaji mkubwa, alipokuwa mwanafunzi London miaka ya 1920 alizoea kwenda British Museum kutazama vinyago vya Afrika. Baadaye aliandika akikisifu kimoja cha Wamumuye kwa hiyo hiyo nafasi iliyo kati ya mikono na mwili. Sanamu zake nazo zina matundu mengi. Simlaumu, wachongaji hutazamana, hata wewe ulikuwa unachungulia meza ya jirani. Ila jina lake watu wanalijua.

Kwa Wamumuye vitu hivi havikuchongwa viende sokoni. Alikuwa nacho mzee, au mganga, au mtu wa mvua, kikikaa kibandani na vitu vyake vingine vya kazi. Mgonjwa akiletwa, kinyago kiliulizwa. Watu wakigombana, mtuhumiwa alikula kiapo juu yake na kukibusu. Wauzaji wa Ulaya walipenda kuviita sanamu za mababu, maana neno hilo huvuta wateja. Mmarekani Arnold Rubin, aliyefanya utafiti bonde la Benue miaka ya 1960, aliyoyakuta kule hayakulingana na hadithi ya mababu. Kabla ya hapo hata kabila walikuwa wakikosea, wakiviandika kuwa ni vya Wachamba, majirani zao.

Vilifikaje huku? Vita ya Biafra, ile ya Wanigeria wenyewe kwa wenyewe, unaikumbuka, maana Mwalimu aliitambua Biafra Aprili 1968 na redio ikatangaza. Mapigano yalikuwa kusini mashariki, mbali na Wamumuye, lakini serikali ilikuwa imeelemewa, na mpaka wa Kameruni unapitika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vinyago vikaanza kutoka kwa wingi, vikapitia Kameruni, vikaibukia kwa wauzaji wa Paris na Brussels. Sheria ya kuzuia ilikuwapo tangu 1953, imelala kwenye faili. Na vijijini vijana walishaingia msikitini na kanisani, kitu cha mzee kikawa mzigo. Hapo ndipo anapokuja mtu mwenye adabu, mwenye fedha kidogo mkononi, anayesema atakitunza.

Mwaka 2020 kampuni ya mnada ya Christie's, hapa hapa Paris, walinadi jozi ya sanamu za Waigbo zilizotoka Nigeria wakati wa vita hiyo. Nigeria ilipinga, nao wakauza kwa euro 212,500. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni mia tano. Weka hiyo kando ya laki tatu.

Halafu kuna vibandiko vya kule makumbusho. Kabila, nchi, mti, na jina la Mzungu aliyekuwa nacho. Aliyekichonga, aliyelala na tezo begani, hayumo. Nimezunguka ukumbi nikisoma kibandiko baada ya kibandiko na hasira ikanipanda, nikatoka nje kuvuta hewa.

Usiseme hayo ni ya Wanigeria. Lipiko moja la kwetu Wamakonde liliibiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata lilikuwa limeshanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Makubaliano ya kulirudisha yalitiwa saini hapa Paris Mei 2010. Miaka 26, Mjomba, na hilo lilikuwa mali ya serikali, wapo waliolijua wakaweza kulinyooshea kidole. La Babu likitoka hapo Newala, nani atalinyooshea kidole?

Sipingi biashara. Vinyago ulivyouza Mwenge ndivyo vilivyonilipia ada, na uliponiambia hiki kichonge kwa ajili ya mtalii, nilikichonga. Lipiko ni jambo jingine na wewe unalijua kuliko mimi. Ya jandoni siyaandiki, barua hupita mikono mingi.

Ninachoomba ni hiki. Binamu alipige picha mbele, nyuma na ndani, kwenye mwanga wa asubuhi, anitumie. Wewe mtajie jina la aliyelichonga, kijiji chake, na lilichezwa wapi, aandike daftarini kwa kalamu ya wino. Jina hilo mimi silijui na binamu halijui. Mmebaki wewe na Bibi. Na yule bwana akirudi, mwulize kibali cha Mambo ya Kale kiko wapi, maana sheria ya 1964 inamtaka awe nacho kabla ya kulitoa nchini. Mwulize pia analipeleka kwa nani. Akijibu vizuri mpe chai. Akianza kuongeza bei badala ya kujibu, chai pia mpe, ila lipiko lirudi ndani.

Kama shida ni mabati ya nyumba ya Bibi, sema wazi. Laki tatu hazimalizi hata upande mmoja. Nimeshazungumza na Dada aliyeko Muscat, amesema atatoa nusu, mimi nitatoa nusu, mradi fundi atafutwe kabla ya mvua na asiwe yule wa mwaka juzi.

Msalimie Mama Mdogo na watoto. Binamu naye asikufupishie barua hii, namjua.

Wasalaam,
Mpwa wako