Barua kwa mwanangu: zinki, taa na kipande cha kioo

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Tanga hatujambo. Mdogo wako anakusalimia na anauliza zawadi yake.

Umeniambia mmeandikiwa ubaoni kanuni ya Einstein ya nuru kung'oa elektroni, mkaikariri, mkahamia mada nyingine. Mimi kanuni ya kukariri siiamini hata kidogo, kwa hiyo nakutumia kifurushi.

Ndani mna gamba la betri kubwa ya redio. Nimelipasua, nikaliosha na kulikunjua, ni zinki. Lisugue kwa msasa mpaka ling'ae, na ufanye jaribio papo hapo, maana zinki ikikaa hewani huvaa utando na kazi inakwama. Liweke juu ya elektroskopu ya maabara yenu, kile kifaa cha kuonyesha chaji chenye jani jembamba la metali kwenye fimbo. Kisha chukua bomba la plastiki, lisugue kwa sweta la sufu, ulikwaruze kwenye ukingo wa zinki. Jani litajitenga na fimbo yake na kubaki hivyo: limepata chaji hasi.

Kwanza usiwashe kitu. Pima linachukua muda gani kushuka lenyewe. Kwetu pwani hewa imelowa na chaji inavuja upesi. Dodoma kiangazi mna bahati. Halafu mulika tochi ya simu, kali na karibu uwezavyo. Jani halishtuki. Sasa iwashwe taa ya urujuanimno, yaani nuru isiyoonekana kwa macho, ile ya kuulia vijidudu, ya nanomita 254: jani linaanguka huku unaliona. Pitisha kipande cha kioo cha dirisha katikati, linasimama palepale lilipofika. Ondoa kioo, linashuka tena. Ukiipa zinki chaji chanya, taa ileile haifui dafu.

Hapo kwenye kioo usipite haraka. Ule mwanga wa samawati unaouona unapenya kioo kama kawaida. Kilichozuiwa ni kile usichokiona. Mwanafizikia Heinrich Hertz alikutana na jambo hili Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1887, akitafuta kitu kingine kabisa. Alifunika chombo chake ili aone cheche vizuri, cheche zikafifia. Akajaribu kioo, zikafifia. Akajaribu kwazi, fuwele angavu inayopitisha urujuanimno, hazikufifia. Mwaka uliofuata mwanafizikia mwingine, Hallwachs, akafanya kwa bamba la zinki, kama utakavyofanya wewe.

Sababu ni hii. Zinki ni kama konda asiyekubali abiria wachangiane nauli. Nauli ya kila elektroni inayotoka ni elektronivolti 4.3 hivi, hicho ni kipimo cha nishati. Fotoni, yaani chembe moja ya nuru, ya mwanga mwekundu ina 1.9, ya zambarau ina 3.1, zije mamilioni kwa mamilioni, hakuna elektroni inayoondoka. Fotoni ya taa yako ina 4.9: inalipa yenyewe, na chenji ya 0.6 ndiyo mwendo ambao elektroni inaondoka nao. Kanuni yenu nzima ndiyo hiyo. Einstein aliiandika mwaka 1905 akiwa karani wa ofisi ya hataza, inayosajili uvumbuzi, kule Bern, Uswisi. Mwanafizikia wa Marekani, Millikan, alihangaika miaka mingi akitarajia kuonyesha kuwa si kweli, na vipimo vyake vya mwaka 1916 vikakubaliana nayo. Hata hivyo maelezo ya fotoni bado hayakumwingia. Nampenda kwa hilo: hakuupinda mstari kwenye grafu yake ili upendeze moyo wake.

Taa hiyo inaunguza macho na ngozi, hapa sitanii. Usiiwashe peke yako. Mwombe fundi wa maabara asimamie. Vaa miwani ya kinga, glavu na mikono mirefu, na usiitazame hata kwa kuibia.

Kifurushi kinakuja na basi la Ijumaa. Kakichukue kabla ofisi yao haijafungwa, na usisahau kitambulisho. Kila muda unaopima uandike kwa kalamu daftarini, kisha unipigie picha ukurasa mzima, pamoja na ulivyofuta.

Mama yako