Barua kwa dada: yale makato ya chama

Grand Rapids, Michigan

Dada,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Hukujiunga na chama cha wafanyakazi, hukusaini fomu yoyote, na bado kila mwezi hati ya mshahara inaonyesha umekatwa. Ukauliza kama na huku Marekani wanafanya hivyo. Mwenzako nimekaa pande zote mbili za jambo hili.

Ungekuwa mwalimu wa shule ya serikali huku, asingekukata mtu hata senti bila ridhaa yako. Mahakama ya Juu iliamua hivyo Juni 2018, majaji 5 dhidi ya 4, kwa watumishi wote wa umma. Sisi wa viwanda binafsi tuna habari nyingine. Sheria ya 1947 inaliachia kila jimbo liamue kama mkataba wa kazini, ule wa chama na mwajiri, unaweza kumbana asiye mwanachama alipe. Majimbo 26 yamekataza. Katazo lenyewe wanaliita "haki ya kufanya kazi". Jina tamu, lakini halikupi kazi wala halizuii usifukuzwe. Linakupa ruhusa ya kutokukilipa chama, basi.

Nilipoanza kazi kwenye kiwanda hiki cha viti vya magari, Michigan ilikuwa na sheria hiyo, waliyoipitisha 2012. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu akaniambia, usisaini, hela yako itume nyumbani. Sikusaini. Ada ilikuwa mshahara wa saa mbili kwa mwezi, nami nikaihesabu kuwa dawa za mama.

Kisha baba akafariki. Unajua sikuweza kusafiri. Nilimpigia msimamizi wangu, nikaomba siku tatu, akakubali kwa mdomo. Niliporudi nikakabidhiwa barua ya kufukuzwa kwa utoro. Sikuwaambia, maana mlikuwa kwenye msiba.

Aliyenisimamia ni mwakilishi wa chama pale kazini, mama wa makamo ambaye nilikuwa hata simsalimii vizuri. Alifungua malalamiko, akakaa na wakubwa vikao vitatu, akadai kumbukumbu za simu zitolewe. Baada ya wiki tano nikarudishwa kazini na malipo ya wiki zote tano. Nami sikuwa nimechangia chochote, dada! Sheria inakilazimu chama kimtetee kila mtu sawasawa, mwanachama na asiye mwanachama. Chama cha kuzikana cha pale mtaani, usipotoa mchango, siku yako inapofika watu wanakaa pembeni. Yule mama hana ruhusa ya kukaa pembeni. Wiki hiyohiyo nikasaini fomu.

Mwaka 2023 Gavana Whitmer alitia saini kuifuta ile sheria, na kuanzia Februari 2024 mikataba ikaruhusiwa tena kudai ada kwa wote. Mkataba wetu mpya ukairudisha. Rafiki yangu wa Bukavu sasa anakatwa na amekasirika sana. Anasema viongozi wanazipeleka hela kwa wanasiasa asiowataka. Hapo ana hoja, na mahakama iliikubali tangu 1988: asiye mwanachama anaweza kupinga, akabaki kulipia majadiliano na mwajiri na utetezi wa wafanyakazi tu. Barua yake ya kupinga nilimsaidia kuiandika. Lakini anapotaka asilipe kabisa nakataa, kwa sababu nyongeza ya mshahara iliyopatikana kwenye majadiliano anaipokea kama mimi.

Kwa hiyo, dada, makato peke yake siyapingi. Ninachopinga ni kukatwa gizani. Sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya 2004 inaruhusu ada ya uwakala, yaani ile anayokatwa asiye mwanachama, pale chama kinapowakilisha wengi, ila inataka isizidi ada ya mwanachama na fedha zikae kwenye akaunti ya peke yake. Nani amewahi kukuonyesha hesabu za akaunti hiyo? Huku vyama vya sekta binafsi hupeleka ripoti ya fedha serikalini kila mwaka, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Hata wewe, ukiwa hapo Muheza.

Kabla hujaandika barua ya kutaka makato yasimame, nenda kwenye mkutano wa tawi. Uliza mbele ya wenzako, na omba majibu ya maandishi. Mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu, anajua taratibu, mchukue muende wote.

Na hati ya mshahara ya mwezi huu ipige picha unitumie. Nataka nione hayo makato yameandikwa kwa jina gani.

Mdogo wako